Sekunde 90 za kungoja diski isiyokuwepo: kisa cha kompyuta ya sekretariati moja Bukavu

Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, na imewekwa katika sekretariati ya Mama mmoja mtaa wa Nyawera. Inachapa barua na kuskani vitambulisho, lakini kazi inayolipa kodi ya chumba ni TFC, andiko la kumalizia masomo ya chuo: wanafunzi wanaokaribia kutetea huja na flashi mkononi, wanarekebisha kurasa mbili tatu, wanachapisha, wanakimbia. Ndani kuna prosesa ya Core i3 ya zamani, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na Debian 12, aina moja ya Linux, yenye XFCE, mazingira mepesi ya madirisha na menyu. Windows haimo.

Malalamiko yalikuwa hivi: tangu kubonyeza kitufe hadi kufungua faili ya kwanza, dakika tano hivi zinapita. Mtu anayewasha kompyuta yake mara moja asubuhi anaweza kuvumilia hilo. Bukavu ni jambo jingine. Umeme unaweza kukatika na kurudi mara kadhaa kabla ya saa sita mchana, na kila ukirudi safari inaanza upya.

"Fundi, umeme unarudi, mimi bado nangoja," Mama aliniambia. "Na mteja yeye hangoji, anavuka barabara."

Alikuwa ameshapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: fomati, sakinisha upya. Wa pili: hiyo diski imechoka, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka. Ushauri wote si wa kijinga, na SSD mwishoni nami niliipendekeza. Kinachonisumbua ni kwamba ulitolewa kabla ya mtu yeyote kuuliza dakika hizo tano zinakwenda wapi. Mama asingekuwa na fedha ya kununua kifaa halafu agundue kwamba nusu ya ugonjwa imebaki palepale.

Saa ya simu kwanza

Kipimo cha kwanza hakihitaji amri yoyote. Unawasha kompyuta, unashika saa ya simu, unaandika kila kinapobadilika kitu kwenye skrini. Hapa safari ilijigawa yenyewe. BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, ilisimama na ujumbe kwamba tarehe na saa hazijawekwa, ikataka mtu abonyeze F1. Mama alikuwa ameizoea hata haihesabu tena. Ikafuata menyu ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha, sekunde 5. Kisha skrini nyeusi, zaidi ya dakika mbili. Ndipo ukaja ukurasa wa kuingiza nywila, na baada ya hapo dakika na zaidi mpaka LibreOffice ifungue hati.

Nilitazama ile skrini nyeusi na kusikiliza diski. Diski ikifanya kazi utaisikia inakwaruza na taa yake ya mbele inamemeta. Hapa taa ilimemeta kidogo mwanzoni, ikazima, ikakaa imezima muda mrefu, ikamemeta tena, ikazima tena. Nikajua papo hapo kwamba tatizo kubwa si diski kuwa nzito. Kompyuta iliyolemewa na kazi haikai kimya. Hii ilikuwa inangoja kitu.

Systemd inasema nini

Debian ilianza kutumia systemd kama mfumo wake wa kuwashia huduma (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia) katika toleo la 8, mwaka 2015. Kabla ya hapo huduma ziliwashwa kwa skripti zinazofuatana kwa zamu. Sasa nyingi huwashwa kwa pamoja, kila moja ikingoja tu zile inazozitegemea. Faida yake kwa fundi ni kwamba systemd hutunza kumbukumbu ya muda. Amri ya kwanza ni `systemd-analyze` peke yake, nayo ilijibu:

`Startup finished in 41.306s (kernel) + 2min 31.872s (userspace) = 3min 13.178s`

Jibu hilo halihesabu muda wa BIOS wala wa GRUB. Kompyuta zinazowaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, mara nyingi huonyesha sehemu hizo mbili, lakini hii inawaka kwa BIOS ya zamani, kwa hiyo F1 ya Mama haikuonekana popote. Ndiyo sababu saa ya simu inatangulia.

Sasa tazama zile sekunde 41 za kerneli, yaani kiini cha mfumo. Ni nyingi mno. Kwenye Debian, sehemu hiyo inabeba pia initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa kwenye RAM ili utafute diski yenye mfumo wenyewe na kuifungua. Kwa kompyuta ya umri huu ningetarajia sekunde kumi au kumi na tano. Sekunde karibu 30 zilikuwa zimepotelea humo, kabla huduma hata moja haijawashwa.

Kisha watu wengi hukimbilia `systemd-analyze blame`, orodha ya huduma kwa muda zilizochukua. Ni amri nzuri lakini inapotosha kwa njia mbili. Kwanza, huduma iliyochukua dakika nzima inaweza kuwa haikumchelewesha mtu yeyote, maana zinawaka kwa pamoja. Pili, na hili ndilo lililofanya mafundi waliotangulia wasione kitu, orodha hiyo inaonyesha zile tu zilizofanikiwa kuwaka. Kitu kilichongojwa mpaka muda ukaisha, kisitokee, hakimo. Kwa Mama, juu kabisa ya orodha ilikuwa `NetworkManager-wait-online.service`, inayongoja mtandao upatikane, yenye sekunde 53, na chini yake vitu vya sekunde chache chache. Mtu angeizima hiyo na kuondoka akiamini amemaliza.

Amri iliyofungua kisa ni `systemd-analyze critical-chain`. Inachora mnyororo wa nani alimngoja nani. Nambari iliyo baada ya alama ya @ ni wakati kitu kilipokuwa tayari au kilipoanza kuwaka, na iliyo baada ya + ni muda kilichotumia chenyewe:

```
graphical.target @2min 31.402s
└─multi-user.target @2min 31.401s
  └─cups-browsed.service @2min 31.398s
    └─network-online.target @2min 31.310s
      └─NetworkManager-wait-online.service @1min 38.204s +53.105s
        └─NetworkManager.service @1min 36.050s +2.150s
          └─dbus.service @1min 35.120s +910ms
            └─basic.target @1min 35.020s
              └─sysinit.target @1min 34.980s
                └─systemd-update-utmp.service @6.412s +388ms
```

Tazama mistari miwili ya mwisho. Huduma ya chini kabisa ilimaliza kabla ya sekunde ya 7. Hatua inayofuata, `sysinit.target`, ilifikiwa karibu sekunde ya 95. Katikati hapo hakuna jina la mtu. Zaidi ya sekunde 88 hazina mwenyewe. Pengo la namna hiyo, hasa likikaribia sekunde 90, lina maana moja mara nyingi sana: systemd imengoja kifaa ambacho hakikuja. Sekunde 90 ndio muda wake wa kawaida wa kungoja kabla ya kukata tamaa.

Shahidi yupo kwenye jarida la mfumo, yaani kumbukumbu ya matukio yake. `journalctl -b -p warning` ilitoa, kati ya mingine, mistari hii miwili: `Timed out waiting for device` ikiwa na UUID ndefu (namba ya utambulisho ya sehemu ya diski), kisha `Dependency failed for swap.target`. Swap ni ile sehemu ya diski inayopokea mizigo RAM ikijaa. `swapon --show` haikurudisha neno. Kompyuta ya GB 4, yenye Firefox na TFC ya picha nyingi, ilikuwa inafanya kazi bila swap hata kidogo. Nilimuuliza Mama kama huwa inaganda wateja wakiwa wengi. Ndiyo, inaganda, na wanaizima kwa kitufe. Hakuna aliyekuwa ameunganisha jambo hilo na la kuchelewa kuwaka.

UUID iliyohama

Nililinganisha `/etc/fstab`, faili inayoiambia kompyuta ifungue sehemu zipi za diski, na jibu la `blkid`, linaloonyesha sehemu zilizopo kweli. Sehemu ya swap ilikuwapo kwenye diski, nzima, GB 4. Ila UUID yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye fstab.

Historia yake ilipatikana kwa kijana anayemsaidia Mama. Wakati fulani rafiki yake alijaribu Linux nyingine pembeni ya Debian, hakuipenda, akaifuta. Programu ya kusakinisha ya mfumo ule wa pili iliikuta sehemu ya swap ikaifomati upya ili iitumie, na kila swap ikifomatiwa inapewa UUID mpya. Debian haikuambiwa. Tangu siku ile, kila ikiwaka inaita jina la zamani, kama gari linalongoja abiria aliyeshahama mji.

Na linaitwa mara mbili. Debian inaposakinishwa huandika UUID ya swap pia katika `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, kwa sababu kompyuta iliyolazwa kwa kuhifadhi RAM kwenye diski inaamshwa kutoka kwenye swap. Initramfs inatafuta sehemu hiyo, isipoiona inangoja karibu sekunde 30, kisha inaandika `Gave up waiting for suspend/resume device` na kuendelea. Hizo ndizo sekunde zilizovimbisha muda wa kerneli. Kosa moja, malipo mawili: 30 kabla ya systemd, 90 baada yake. Dakika mbili kamili.

Sasa rudi kwenye ule ushauri wa SSD. Dakika hizo mbili ni saa inayohesabu tu. Ukihamisha mfumo ulivyo kwenye SSD ya haraka kuliko zote zinazouzwa mjini, fstab inahama na jina lake baya, na sekunde 90 zinabaki 90.

Marekebisho yenyewe ni mafupi, lakini fstab ni faili ya kuheshimiwa: ukiharibu mstari wa mfumo wenyewe, kompyuta inaishia kwenye hali ya dharura na Mama hana kazi siku hiyo. Kwa hiyo nakala kwanza, `cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`. Kisha nikaweka UUID ya kweli kwenye mstari wa swap. Kwenye faili ya resume niliandika `RESUME=none`, kwa kuwa pale hakuna anayeilaza kompyuta kwa namna ile; inazimwa, au umeme unaizima. Baada ya hapo `update-initramfs -u`, maana faili ile isipopakiwa upya ndani ya initramfs badiliko halifanyi chochote. Wengi wanaishia katikati hapo, wanaona sekunde 90 zimeondoka na 30 zimebaki, na hawaelewi kwa nini. Mwisho `findmnt --verify` ikague fstab, na `swapon -a` kuhakikisha swap inafunguka kabla ya kuzima.

Ikawaka. Kerneli ilishuka hadi sekunde 10.9, na ukurasa wa nywila ukatokea chini ya nusu dakika baada ya GRUB.

Mtandao uliolaumiwa

Hata hivyo `systemd-analyze` iliendelea kusema zaidi ya dakika moja kwa upande wa huduma. Ni ile `NetworkManager-wait-online`. Hapa ndipo nambari na macho vinaachana: LightDM, inayoleta ukurasa wa nywila, haiingoji. Mama alikuwa anaweza kuingia na kuanza kazi huku hesabu bado inaendelea nyuma. Kwa hiyo ile iliyoongoza orodha ya blame haikuwahi kumchelewesha.

Nilitaka kujua lakini kwa nini inachukua karibu dakika, na sababu yake ni ya hapa hapa. Kompyuta imeunganishwa kwa kebo na ruta. Umeme ukirudi vyote viwili vinawaka kwa wakati mmoja, na ruta ni nzito kuamka. Kompyuta inauliza anwani, hakuna wa kuijibu; NetworkManager kwa kawaida hungoja jibu la DHCP, yaani kupewa anwani hiyo, sekunde 45 kabla ya kusema imeshindikana. Mahali ambapo ruta haizimiki mwaka mzima, huduma hii inapita kwa sekunde mbili tatu na hakuna anayeijua kwa jina.

`systemctl list-dependencies --reverse network-online.target` ilionyesha anayeiita: `cups-browsed`, inayotafuta printa zilizo kwenye mtandao. Printa ya Mama iko kwenye kebo ya USB. Tukaizima kwa `systemctl disable --now cups-browsed`, tukachapisha ukurasa mmoja mbele ya Mama kuhakikisha, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeihitaji, kungoja mtandao kukaisha.

Sikuzima kingine, na hili nalisema kwa nguvu. Kuna orodha nyingi zinazozunguka za huduma za "kuondoa ili Linux iwe nyepesi", na karibu zote zinataja ModemManager, huduma inayotambua modemu za simu. Anayeishi kwenye intaneti ya waya hana haja nayo. Sekretariati hii, ruta ikikosa mtandao, inachomeka modemu ya USB yenye kadi ya simu ili wateja watume barua pepe zao. Ukiizima ModemManager unaokoa sekunde moja inayopita sambamba na nyingine, na siku ya shida modemu haitambuliki.

Betri ya BIOS na jarida

F1 ilikuwa rahisi: betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3 kwenye bodi. Inalinda saa wakati kompyuta haina umeme kabisa. Kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme usiokatika inatunza saa yake bila kuigusa betri sana, hata ikiwa imezimwa. Hapa kila usiku na kila umeme ukikatika mzigo unarudi kwake, kwa hiyo inakufa mapema. Tarehe ikirudi nyuma miaka, tovuti salama zinakataa kufunguka, na ukaguzi wa diski unalalamika kwamba mara ya mwisho ilifunguliwa "siku zijazo". Betri mpya, tarehe ikawekwa, F1 haikuulizwa tena.

Jarida la mfumo lilikuwa limefika zaidi ya GB 2, na ndani yake ujumbe mwingi kwamba faili imekutwa haikufungwa vizuri, matunda ya umeme kukatika. Nililipunguza kwa `journalctl --vacuum-size=200M` na kuweka `SystemMaxUse=200M` katika `/etc/systemd/journald.conf`. Faida yake sekunde chache kwenye diski ya kuzunguka.

Hesabu ya mwisho: kerneli sekunde 10.9, huduma 24.6, jumla 35.5, kutoka dakika tatu na sekunde 13. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa betri.

Kilichobaki ni diski

Baada ya kuingia, kufungua LibreOffice bado kulichukua muda, na hapo sasa taa ya diski ilikuwa inamemeta bila kupumzika. Huu ndio uzito halisi. Diski ya kuzunguka inasoma vipande vilivyotawanyika mara mia hivi kwa sekunde, kwa sababu kichwa chake lazima kisogee; SSD ya kawaida ya SATA inavisoma kwa maelfu mengi. Kwa kazi hii ya kufungua mamia ya faili ndogo, SSD inalipa bei yake.

Ila nilimhimiza Mama kwa sababu nyingine. `smartctl -a /dev/sda`, amri inayosoma afya ya diski, ilionyesha `Current_Pending_Sector` ikiwa 8. Ni sehemu nane ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuzihukumu. Nambari ndogo, na diski inaweza kuendelea miezi, lakini mimi singeacha TFC za watu juu yake. Nilitazama pia `UDMA_CRC_Error_Count`, ambayo ikipanda mara nyingi lawama ni ya kebo. Ilikuwa sifuri, kwa hiyo kubadili kebo kusingesaidia.

"Basi si uvivu tena, ni ugonjwa," Mama alisema, akatoa diski ya nje kabatini. Folda ya wateja ilinakiliwa jioni ileile, na kijana ameonyeshwa kuirudia kila Jumamosi.

SSD ya GB 240 itatosha. Ikifika, sitainakili diski nzima kwa `dd`: ya sasa ni kubwa kuliko itakayopokea, na sehemu zisizosomeka zitaikwamisha. Nitasakinisha Debian mpya, nirudishe folda ya wateja, kisha diski ya zamani itoke kabisa ndani ya kisanduku. Ikibaki imechomekwa, na mtu akaweka mstari wake kwenye fstab ili atumie nafasi yake, mstari huo lazima uwe na `nofail`. Diski ya namna hii ikifa siku moja, bila neno hilo kompyuta itaingoja sekunde 90 na kisha kuingia hali ya dharura, na asubuhi hiyo Mama hatafungua duka mpaka fundi afike.